Jina la Alen Lilivyorudi Magamba

Ukitaka kumjua mkulima, fungua gunia lake. Wengi huku milimani huweka karoti nene juu na zile nyembamba chini, na mimi nimeshazoea, nachimba mkono hadi kwenye kiwiko kabla sijataja bei. Zabron Shehoza wa Magamba hufanya kinyume. Mara ya kwanza nilipofungua gunia lake nilikuta juu vijikaroti kama vidole vya mtoto.

"Mghosi," nikamwambia kwa heshima ya huku, "hizi umeniuzia mimi au umewanyang'anya sungura?"

"Chimba, Mama Jackline."

Nikachimba. Chini zilikuwa nene, nyoofu, zimelingana kama zilizokatwa kwa rula. Nikamuuliza kwa nini anajiharibia biashara kwa mkono wake mwenyewe. Akasema jeshini ukaguzi huanzia kwenye viatu. Mtu aliyependeza kofia tu hawamwamini. Nikaona huyu biashara haijui, ila pia hawezi kuniibia. Tangu siku hiyo nanunua kwake nikipeleka Dar, na huu ni mwaka wa sita.

Alistaafu na cheo cha sajinitaji. Ana miaka arobaini na tisa, mke anayefundisha shule ya msingi, shamba la ngazi nne kwenye mteremko chini ya msitu, na zamu ya maji ya siku nzima, kila Alhamisi, kutoka kwenye mfereji wa kitongoji. Asiyelima huku hawezi kujua uzito wa hiyo Alhamisi. Mvua ikikatika, mwenye siku nzima ya maji ndiye mwenye kabichi. Mwenye nusu siku ana majani ya kulisha mbuzi.

Uwanja wake umefagiliwa kwa mistari. Matuta ya karoti ameyavuta kwa kamba. Wakati wa kuandikisha vijana wa JKT ukikaribia, wazazi humpelekea watoto wao awakimbize kwenye barabara ya msituni, naye huwakimbiza alfajiri, kwenye ukungu, mpaka wanamlilia. Mwaka jana Jackline wangu alikuwamo. Zabron huwaambia walale mapema, wanyoe, wasijibu kabla hawajaulizwa, na wasidanganye mizani. Akifika hapo kwenye mizani, wazee waliosimama kando hucheka, maana hakuna asiyejua habari ya viazi.

Habari ya viazi husimuliwa na Bibi Evelina, jirani yake wa ngazi ya juu, mjane, Mlutheri wa benchi la mbele. Miaka ishirini na minane iliyopita mwanawe Alen na rafiki yake Zabron waliteremka Lushoto mjini kwa miguu kwenda kujiandikisha jeshi. Bibi Evelina akafuatana nao, kikapu cha viazi vya kuchemsha kichwani, kwa sababu hakuamini kwamba Serikali ingewapa watoto wake chakula cha mchana. Alen alikuwa mtu wa mabega, mizani ikampitisha. Zabron akapungukiwa kilo moja na nusu. Daktari akamwambia arudi mwakani.

"Alen akamwambia daktari, 'Mzee, mwenzangu huyu hajanywa chai. Mpe saa moja,'" Bibi Evelina husimulia. "Daktari akacheka, akasema saa moja haimnenepeshi mtu. Hakuwa amekiona kikapu changu! Huyu alikula viazi vyote. Vyote, na maganda. Halafu Alen akampeleka bombani akamshindilia maji kama anajaza pipa. Alivyorudi kwenye mizani anatembea kama mama wa miezi minane."

Kilo zikatimia, na robo ya ziada. Daktari akaandika. Kisha vijana wakaambiwa wakimbie kuzunguka uwanja, na viazi vikarudi vyote nyuma ya uzio, lakini wino ulikuwa umekwisha kukauka.

"Kwa hiyo huyu mnayemwita afande," humalizia, "ni kikapu changu."

Hucheka hadi anafuta macho kwa ncha ya kanga, na Zabron hukaa palepale ameinamisha kichwa kama kuruta anayesomewa kosa lake. Walikuwa wacheke watatu. Alen hayupo.

Walikaa pamoja depo ya mafunzo, wakapangwa kikosi kimoja. Zabron akapanda vyeo. Alen hakutaka cheo, alitaka usukani, akawa dereva na koplo na akaridhika. Alisema ataoa akirudi kutoka misheni, na misheni ile ilikuwa ya kulinda amani, mbali, nje ya nchi. Miaka kumi na mitano iliyopita lori lao liliingia mtoni wakati wa mafuriko. Walikuwemo watano, wakatoka wanne. Kesho yake lori lilipatikana chini kwenye mkondo, mlango wa dereva uko wazi na dereva hayumo. Walimtafuta wiki mbili. Bibi Evelina aliletewa barua, nishani, na bendera iliyokunjwa vizuri. Mtoto hakuletewa.

Zabron aliporudi likizo, mama alimuuliza jambo moja tu. Zabron akajibu, "Hakuonekana, mama." Bibi Evelina akalichukua neno hilo akalitunza. Miaka yote, mtu akija kumpa pole, humwambia, "Mwanangu hakuonekana," kama unavyosema mbuzi wako hajaonekana na jua bado liko juu.

Na kila tarehe ishirini na tano Julai, Siku ya Mashujaa, Zabron hupanda kwa Bibi Evelina na redio yake. Mama hupukuchua maharage uwanjani, redio hutangaza gwaride, tarumbeta hulia, Zabron husimama wima kofia mkononi. Dakika ya kimya ikiisha, Zabron huzima redio, wanazungumza habari za maharage. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yao.

Sasa, kuna jambo la jina. Kwetu mtu akiondoka, jina lake hurudi nyumbani kwa mtoto. Bibi Evelina ana binti mmoja, Secilia, na Secilia alizaa watoto watatu baada ya mto ule. Hakuna aliyeitwa Alen. Mume wake, Bartholomeo, alikataa mara tatu, na kwa sababu ambayo mimi, kusema kweli, sikuweza kuipangua.

"Mimi sina ugomvi na shemeji yangu," alikuwa akisema. "Lakini mtu ambaye mama yake mwenyewe hasemi amekufa, nitampaje mwanangu jina lake? Kesho akitokea pale barabarani na begi lake, nimwambie nini? Karibu, jina lako tumelitumia?"

Halafu huongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto aliyepewa jina la mtu anayetangatanga, naye hutangatanga. Wengi huku wanaamini hivyo na hawapendi kulisema mbele ya mchungaji.

Mwaka jana mwezi wa nne mimba ya nne ya Secilia ikaanza kuonekana, akatangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, na anayetaka wa tano akamzae mwenyewe. Bibi Evelina mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kukataa kuteremka kanisani. Siku moja alimwambia Zabron, bila kumwangalia, "Ningependa niite Alen hapa uwanjani, mtu aitike, kabla sijaenda." Hakumwomba kitu. Lakini Zabron ni mtu wa jeshi, na jambo likisemwa na mkubwa yeye hulisikia kama amri.

Akaenda kwa Bartholomeo. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuangalia kabichi, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

"Shemeji," Zabron akasema, "nimekuja kwa ajili ya jina."

"Karibu kiti."

"Nakupa Alhamisi."

Nilitamani kumkanyaga mguu. Mtu hajakaa, hajaulizwa hali ya watoto, hajasifia hata kabichi moja, tayari amelaza mezani kila alichonacho. Bartholomeo mwenyewe alibaki ameduwaa, kisu cha kabichi kiko hewani.

"Alhamisi ipi?"

"Ya maji. Siku nzima. Wewe una nusu Jumatatu. Chukua Alhamisi, mtoto aitwe Alen."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Bartholomeo akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye msuluhishi wa masoko yote duniani. Nikatazama kabichi. Alifikiri kwa muda wa kukata vichwa vinne, nilihesabu, kisha akasema, "Na shamba lako?"

"Nitabeba kwa ndoo."

"Utabeba maji ya ngazi nne kwa ndoo?"

"Nimebeba vizito zaidi."

Wakapeana mikono. Bartholomeo hakuwa mtu mwenye furaha wakati ule, alionekana kama mtu aliyenunua kitu cha bei rahisi mno akaanza kujiuliza kina ubovu gani. Na kwa kweli kilikuwa nacho.

Habari huku haihitaji simu. Kabla ya jioni Bibi Evelina alikuwa ameipata, na asubuhi yake alisimama ukingoni mwa ngazi yake ya juu na fimbo, Zabron yuko chini kwenye karoti, wote tuliokuwa barabarani tukasikia.

"Zabron! Umeninunulia jina?"

"Mama, shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako! Nakuuliza, jina la mwanangu ni kabichi? Linapimwa kwa ndoo?"

"Nilitaka..."

"Mtoto akiitwa na akaitika, mimi nitakuwa nasikia mfereji! Rudisha maji ya watu!"

"Maji ni yangu, mama."

"Basi yanywe!"

Akageuka akaingia ndani. Alhamisi ikarudi kwa Zabron, Bartholomeo akarudi kwenye nusu Jumatatu yake akiwa mtu mwepesi, na Bibi Evelina hakumsalimia Zabron tangu siku ile. Zabron aliniambia siku moja tukipakia gunia, "Mama Jackline, wewe unajua biashara. Nilikosea wapi?"

Nikamwambia alikosea pale pale wanapokosea wanunuzi wote wageni. Alimpa muuzaji kitu ambacho muuzaji hakukiomba. "Bartholomeo hajawahi kusema anataka maji," nikamwambia. "Miaka yote anasema jambo moja. Hajui kama mtu huyo amekufa. Wewe unajua?"

Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba, fundo moja, la pili, la tatu. Gunia lile halikuhitaji fundo la tatu.

Siku ya Mashujaa ikafika. Mimi nilikuwa kwa Bibi Evelina kwa sababu ya maharage. Alikuwa na yale marefu mekundu, na sikutaka mwingine aniwahi. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye paa. Sikutegemea kumwona Zabron, lakini alikuja, na redio yake, akasimama mlangoni mwa uwanja kama mtu asiyejua kama bado anaruhusiwa.

"Ingia," Bibi Evelina akasema. "Redio haijakosa."

Gwaride likatangazwa, tarumbeta ikalia. Zabron akasimama wima. Bibi Evelina akaacha maharage. Mimi pia nikaacha kupekua, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona mawili yenye wadudu. Kimya kikaisha, Zabron akazima redio. Hakukaa.

"Mama, nina neno."

"Kama ni la maji, sitaki."

"Ni la maji," akasema. "Si ya mfereji."

Bibi Evelina akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Mto ule haukuwa na kelele," Zabron akasema. "Alen alisimamisha lori ukingoni. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa msafara, nimekaa kando yake. Akaniuliza, 'Afande, tupite?' Nikashusha kioo nikasikiliza. Mama, unayajua maji ya huku. Kijito cha kufika gotini kikijaa kinanguruma, unakisikia uko kitandani. Pale sikusikia kitu. Maji mapana, rangi ya matope, yametulia kama chai kwenye bakuli. Nikamwambia, 'Pita. Haya hayapigi kelele.' Akacheka. Akasema hata kijito cha nyuma ya choo chetu kina maneno kuliko haya. Akaingiza lori."

Akaikunja kofia mkononi.

"Kule ni mchanga mtupu. Hakuna mawe ya kugonga. Mto ukijaa hausemi. Wenyeji walinieleza baadaye, walishangaa kwamba hatukujua. Jeshini niliyasema haya yote mbele ya tume, wakaandika, wakasema ni ajali. Kwako sikuyasema."

"Na yeye?" Bibi Evelina akauliza.

"Lori lilipolala nilitokea upande wangu, nikaingiza mkono dirishani nikamshika. Usukani ulikuwa umempiga kifua. Nilimshika mkono, mama, ulikuwa mkono wa mtu aliyekwisha. Hakuhangaika. Halafu maji yakamtoa mkononi mwangu. Nilikwambia hakuonekana. Mimi nilimwona. Alen amekufa. Amekufa tangu siku ile."

Nimekaa kwenye biashara muda mrefu, nimesikia watu wengi wakitaja bei yao ya mwisho, na huwa naitambua kwa jinsi mtu anavyoacha kuangalia macho yako. Zabron alikuwa anaangalia redio. Miaka kumi na mitano alikuwa amelipanga gunia hili moja kama wanavyopanga wengine, laini juu, baya chini, na sasa alikuwa amelimwaga lote uwanjani kwa mama wa watu.

Bibi Evelina akachukua ganda la maharage, akalipasua, akamwaga punje ungoni. Akachukua la pili. La tatu lilikuwa tupu, akalitupa.

"Ulisema pita."

"Nilisema."

"Naye akacheka."

"Alicheka."

"Wajinga wawili wa Magamba," akasema, bila kupaza sauti. Kisha akasema, "Hata mimi ningesikiliza kwanza. Hata mimi ningesema pita."

Nadhani Zabron alikuja amejiandaa kufukuzwa, na mtu aliyejiandaa kwa fimbo hajui aweke wapi mikono asipopigwa.

"Unajua mimi nilikuwa nafikiri nini?" Bibi Evelina akaendelea. "Nilifikiri amepata mwanamke huko. Nilifikiri ana watoto, ameninyamazia. Nimemkasirikia, Zabron! Kuna siku kanisani natoa sadaka namsema moyoni, 'Mtoto huyu hana adabu, hata barua.' Kumbe namsengenya marehemu." Akatikisa kichwa. "Hilo ndilo nitakalokudai. Lingine ni la mto."

"Nisamehe, mama."

"Kaa chini, unanizibia mwanga."

Akakaa. Wakapukuchua pamoja. Mimi nikasema nitarudi kesho kwa ajili ya maharage, Bibi Evelina akasema nikae, maharage ni yaleyale na bei ni ileile, na kama nilidhani msiba unashusha bei nilikuwa sijamjua. Nikakaa.

Baadaye alisimama na fimbo yake, akaenda ukingoni, akamwita mkwe wake kutoka ng'ambo ya bonde. Bartholomeo akapanda na jembe begani, tope hadi magotini.

"Bartholomeo," Bibi Evelina akasema, "mwanangu amekufa."

Bartholomeo akatazama redio, akamtazama Zabron, akanitazama mimi. Kisha akashusha jembe, akavua kofia, akasema, "Pole, mama," kwa sauti ile ya kawaida ya msibani, kama vile habari ilikuwa imeletwa asubuhi ile. Nilimheshimu kwa hilo. Hakuuliza lini.

Tukafanya matanga. Waliochelewa miaka kumi na mitano walifika kwa wakati, na kuni zao na ndizi zao na sufuria zao kubwa. Wanawake wa kanisa waliimba. Watu walikula, wakacheka habari ya viazi, na safari hii Bibi Evelina aliongeza mengine ya Alen ambayo hatujawahi kuyasikia, kwa sababu mtu humsimulia marehemu kwa uhuru kuliko anavyomsimulia mtu anayesubiriwa. Jumamosi yake mchungaji alikuja makaburini, na Bartholomeo ndiye aliyechimba shimo la msalaba. Zabron alisimama juu yake akitoa maelekezo.

"Kushoto kidogo. Umepinda."

"Shemeji, huu mlima ndio umepinda."

"Pima kwa kamba."

"Kamba yako iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Watu makaburini wakaangua kicheko, na mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa. Msalaba ukasimama umenyooka kuliko misalaba yote ya jirani, jina na cheo vimeandikwa kwa rangi nyeusi. Zabron akapiga saluti, akaishusha, akaenda kusaidia kukusanya majembe.

Tukiteremka, Bartholomeo alimshika mkono. "Mimi sikuwahi kukataa jina," akasema. "Nilikataa jina lisilo na kaburi. Sasa lina mahali pa kukaa. Mtoto ataitwa Alen, na Alhamisi yako baki nayo."

Nilikuwa nyuma yao. Kwa faida ya Bartholomeo nilikohoa mara mbili, ili angalau aombe nusu siku. Hakunielewa. Hawa watu wawili wangefunguliwa duka, lisingefika Krismasi.

Septemba Secilia akajifungua salama. Bartholomeo alikuja shambani kwa Zabron mbio, akasimama mwisho wa tuta, akihema.

"Shemeji, kuna tatizo."

Zabron akaangusha jembe. "Secilia?"

"Mzima. Mtoto mzima. Ila ni msichana."

Wakatazamana. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, na nakwambia kweli sijawahi kuona wanaume wawili wamekosa hesabu kiasi kile. Walikuwa wamepatana juu ya kila kitu isipokuwa hilo. Wakapanda kwa Bibi Evelina kama watoto waliovunja mtungi, mimi nikafuata, maana lazima nijue mwisho wa mambo.

Bibi Evelina alisikiliza hadi mwisho.

"Mmekuja wawili kuniambia hilo?"

"Jina, mama," Bartholomeo akasema. "Ni la kiume."

"Zabron, wewe unakimbiza vijana wa JKT. Wote wana ndevu?"

"Hapana, mama. Kuna wasichana."

"Huyu mama hapa binti yake si yuko kambini sasa hivi, anashika bunduki?"

"Yuko," nikasema. Alikuwa ameandika juma lile kwamba wamemwongezea mzunguko wa mbio kwa kujibu kabla hajaulizwa.

"Basi. Bunduki wanashika, jina litawashinda?" Akajifunga kanga vizuri. "Nipelekeni nikamwone Alen."

Mguu wake ulikataa kuteremka. Wakambeba kwenye kiti, Bartholomeo mbele kwa kuwa ni mrefu, Zabron nyuma, maana kwenye mteremko, mrefu ndiye anayekaa mbele. Hilo Zabron hakuhitaji kufundishwa jeshini. Njia nzima Bibi Evelina alikuwa anawagombeza kwamba wanamtikisa.

Ubatizo ulikuwa Desemba, wakati matunda ya plamsi yanaanza kuwa mekundu na bei yake bado ni nzuri. Kanisa lilijaa. Zabron alisimama kama baba wa ubatizo, suti ya kijivu, nishani moja kifuani, viatu vinang'aa kiasi cha kujiona humo. Mchungaji akauliza jina.

"Alen," Secilia akasema.

Mchungaji akatazama gauni jeupe, akatazama cheti. "Mtoto huyu ni wa kike."

"Tunajua, Mchungaji," Bartholomeo akajibu, na benchi zima la nyuma likacheka.

Mchungaji akatabasamu, akamchukua mtoto mkononi, akamshusha kidogo, akampandisha tena ili amshike vizuri zaidi. Mtoto alikuwa na miezi mitatu tu, lakini mama yake alikuwa ananyonyesha kama mtu mwenye kazi ya kumaliza.

"Ni mzito huyu Alen," akasema.

Kutoka benchi la mbele Bibi Evelina akajibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Na safari hii hatukudanganya mizani."

Zabron akajaribu kusimama wima. Hakuweza, alikuwa anacheka mno, na mtoto akafungua jicho moja kuona ni nani anayepiga kelele.